Swali la Nne la Kemia

Sura ya Tano

Préfet aliweka karatasi mbili mezani, akazisogeza mpaka zikalingana pembe kwa pembe.

"Hii ni ya mwanafunzi. Hii ni ya maswali," alisema. "Angalia swali la nne, inspekta."

Inspekta Claudine Kalenga hakuangalia bado. Alivua koti kwanza. Ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Juni, saa tatu asubuhi, na ofisi ya mkuu huyu wa sekondari ya Evere ilikuwa tayari na joto kama ya mwoka mikate. Faili hili lilikuwa la tatu wiki hii. Baiskeli, halafu simu, sasa mtihani. Miaka ishirini na mbili ndani ya polisi ya Brussels, na kila Juni ni vilevile: watu wamechoka, kisha wanamletea yeye uchovu wao auandikie ripoti.

"Mwanafunzi anaitwa nani?"

"Keren Ngoie. Mwaka wa sita. Ana miaka kumi na minane."

Kando ya dirisha alisimama mwalimu wa kemia, Madame Rayhana, mwanamke mwembamba mwenye macho mekundu ya kusahihisha. Ndiye aliyeligundua jambo lenyewe, na alionekana kama mtu anayejuta kuligundua.

"Swali linauliza hivi," alisema. "Gramu mia mbili za chokaa zikichomwa, zitatoa gesi gramu ngapi? Jibu ni themanini na nane. Keren ameandika mia moja na kumi. Utasema ni kosa tu. Lakini fuata hesabu yake mstari kwa mstari. Haina kosa hata moja. Ni hesabu safi kabisa ya gramu mia mbili na hamsini."

"Na hiyo mia mbili na hamsini imetoka wapi?"

"Kwangu."

Claudine akafungua daftari.

"Mtihani niliuandika Jumanne mchana, tarehe kumi," Rayhana akaendelea. "Saa kumi alasiri nikauchapa. Kuangalia ukurasa wa pili, naona nimeandika mia mbili na hamsini, na mchoro wa mizani ulio chini yake unaonyesha mia mbili. Nikasahihisha, nikachapa upya ukurasa huo peke yake. Zile mbovu, karatasi ishirini na nane, nikazikunjakunja nikazitupa kwenye pipa la karatasi pale kwenye chumba cha fotokopi. Mtihani ulifanyika Ijumaa."

"Mashine ya kukatakata karatasi hamna?"

"Imeharibika tangu Pasaka," préfet alijibu, akatazama kwingine.

"Kwenye kompyuta je? Ile ya kwanza ipo?"

"Hapana. Nilisahihisha ndani ya faili lilelile," alisema Rayhana. "Mia mbili na hamsini iliishi masaa mawili. Baada ya hapo ilibaki pipani tu."

Claudine aliandika: *si kompyuta. Ni pipa. Kuanzia Jumanne saa kumi.* Akapiga mstari chini yake.

Préfet hakutaka kungoja. "Wenzake wanasema ana mwalimu wa pembeni, Mkenya mmoja, kule Matonge. Wanasema anauza majibu. Tazama alama zenyewe. Desemba kemia alipata sabini na moja. Sasa tisini na nne, pamoja na kosa hilo. Kiholanzi alipata sitini na nane. Sasa tisini na moja. Mtu hapandi hivyo kwa miezi sita."

"Kiholanzi ulikuwa mtihani wa kuandika?"

"Wa mdomo."

"Mtihani wa mdomo unaibwaje?"

Préfet alizilinganisha tena pembe za zile karatasi mbili.

"Yeye mwenyewe anasema nini?" Claudine akauliza.

"Hasemi. Tumemwita mara mbili, anaangalia ukuta. Na baraza la walimu linakaa kesho saa sita mchana. Kanuni zetu ziko wazi, inspekta. Akiwa amefanya mtihani ulioibwa, ni sifuri na hapati diploma, hata kama aliyeiba ni mtu mwingine. Labda uthibitishe kwamba ukurasa ule ulimfikia bila mtu yeyote kujua kuwa ni mtihani. Hapo angerudia kemia Jumatatu." Alitikisa kichwa. "Kwangu mimi hilo ni hadithi."

Claudine aliomba orodha ya wanaoingia chumba cha fotokopi jioni. Majina yalikuwa matatu: karani, mlinzi wa jengo, na mfagiaji wa kampuni ya usafi anayemwaga mapipa saa kumi na moja na nusu. Mfagiaji aliandikwa *Nday S.* Akayanakili yote, akachukua koti lake.

* * *

Galerie d'Ixelles, kule Matonge, ilikuwa imejaa tangu mlangoni. Kila saluni ilikuwa imewasha feni, na kila feni ilikuwa inazungusha joto lilelile pamoja na harufu ya nywele za kuchoma. Claudine alipita akionyesha kitambulisho chake mara tatu kabla ya kupata saluni aliyoitafuta.

Mwenye saluni alimsikiliza akieleza habari ya mtihani, akamtazama juu mpaka chini, kisha akapaza sauti kuelekea chumba cha nyuma bila kuacha kusuka.

"Professeur! Police iko hapa! Ulikula mutihani ya nani?"

Wanawake waliokuwa kwenye viti wakacheka. Mmoja akaongeza, "Amuulize pia juu ya ile mwanamuke wa jumamosi!" Wakacheka zaidi.

Evans, yule Mkenya, alitoka amebeba kitabu cha fizikia kifuani kama ngao. Alikuwa kijana mrefu, anasomea uhandisi chuo kikuu, na kila Jumatano alifundisha watoto wa sekondari kwenye meza ya plastiki nyuma ya saluni hiyo.

"Officer, kabla hujaniuliza chochote," alisema, "mimi niko nchi hii kwa kibali cha mwanafunzi. Nikiingizwa kwenye kesi ya mtihani, Monday niko kwenye ndege."

"Basi nijibu vizuri. Unauza majibu?"

"Nauza? Ningekuwa nauza, ningefundishia hapa katikati ya dryer mbili?"

Claudine aliangalia meza. Mguu mmoja ulikuwa umeegemezwa kopo la mafuta ya nywele. Alikaa.

"Keren Ngoie. Jumatano ya kabla ya mtihani."

"Alikuja, ndiyo. Alikuja na karatasi moja. Haina kichwa juu, haina jina la shule, haina tarehe. Maswali tu. Moja la chokaa, gramu mia mbili na hamsini, chini wamechora mizani."

"Mizani ilionyesha ngapi?"

"Mia mbili. Nikamwambia, aliyetunga hili hakuangalia mchoro wake mwenyewe. Halafu nikamwonyesha njia. Hiyo tu. Sikujua ni mtihani, na naapa yeye pia hakujua. Mtoto anayejua ana mtihani mkononi hapigi miayo."

"Alipiga miayo?"

"Yeye hupiga miayo kila wiki. Anachoka, huyo msichana."

Claudine aligeuza ukurasa wa daftari. "Karatasi yenyewe ilikuwaje? Ukiishika."

Evans alishangaa kuulizwa hivyo, lakini akajibu. "Ngumu. Imenyooka kabisa, lakini ukipitisha kidole unasikia makunyanzi. Na pembeni ina alama ya kahawia, kama imeguswa na kitu cha moto. Lakini karatasi zake zote huwa hivyo."

"Zote? Zinakuwa ngapi?"

"Officer, ni kila wiki! Leo jiografia, kesho tangazo la lifti kwa Kiholanzi. Kuna siku aliniletea maelezo ya kizima moto, kurasa mbili za Kiholanzi, ameyashika kwa kichwa mpaka namba ya simu ya fundi. Nikamwuliza, Keren, nani anakufanyia hivi? Akasema, ni za mama."

Claudine alifunga daftari. Miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu, na ilibidi arudi Evere kulekule alikotoka.

"Nisafiri au nisisafiri?" Evans aliuliza.

"Somesha watoto," alisema Claudine. "Na tafuta meza nyingine."

* * *

Kwenye mlango wa jengo, kengele ya ghorofa ya tatu ilikuwa na majina mawili: NGOIE – NDAY. Claudine alifungua daftari lake ili ahakikishe, ingawa alikumbuka. *Nday S.* Kwao Katanga, kule Kongo, mke haachi jina lake, na shule ilikuwa haijawahi kuyaweka majina hayo mawili pamoja. Akabonyeza.

Aliyefungua alikuwa mwanamke mfupi, amefunga kitenge kiunoni. Nyuma yake, kwenye kochi, alikaa msichana mrefu aliyekuwa anatazama ukuta.

"Jambo, maman," alisema Claudine. "Niko inspecteur Kalenga, wa police. Nilizaliwa Lubumbashi, basi tutasikilizana."

"Jambo sana. Miye ni Sidonie. Papa Keren iko ku kazi. Ingia, usisimame pa mulango, bajirani baiko na macho."

Kulikuwa na maji ya baridi, na kulikuwa na ubao wa pasi uliotandikwa taulo mbili. Claudine alikunywa maji yote kabla ya kusema.

"Maman Sidonie, njo weye unafagiaka ku masomo ya Keren?"

"Ni miye. Kazi si zambi."

"Hakuna muntu amesema ni zambi. Lakini préfet hajue kama weye ni mama yake."

"Tulipatana na mutoto. Mu couloir ya masomo hatusalimiane. Bale batoto bengine baiko na midomo."

"Bon. Unaweza kunionyesha makaratasi unapigaka pasi?"

Keren aligeuka kutoka ukutani. "Maman, usionyeshe."

"Juu ya nini nisionyeshe? Niliiba?" Sidonie alikuwa ameshaingia chumbani. Alirudi akiburuta sanduku kubwa la safari, lile la kuja nalo Ulaya, akalifungua katikati ya sebule. Lilijaa karatasi mpaka juu. Zote zilikuwa zimenyooshwa, nyingine zina alama ya kahawia pembeni.

"Kila magaribi ninatosha mu poubelle," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeonyesha shamba lake. "Batu ya huku banatupa byote, maman! Nafika ku nyumba, napiga pasi, namupa Keren. Soma. Kisha funga, useme yote bila kuangalia. Sitaki ukose hata neno moja. Ukikosa, unarudia. Alors, angalia points yake sasa! Nonante-quatre, tisini na ine!"

Claudine alipiga magoti sakafuni akaanza kupanga. Ilimchukua saa nzima na dakika kumi. Karatasi zilikuwa mia nne na kumi na sita. Kulikuwa na menyu za kantini kwa Kiholanzi, za miaka miwili. Kulikuwa na taarifa za mkutano wa walimu, barua ya fundi wa lifti, ramani ya mito, maelezo ya mashine ya fotokopi, mazoezi ya kila darasa kuanzia la kwanza. Na kulikuwa na karatasi moja tu yenye chokaa, gramu mia mbili na hamsini, na mizani.

"Hii ilikuwa moja?"

"Zilikuwa mingi, lakini zote sawasawa. Nilikamata moja, ingine nikaacha."

Claudine aliandika hilo. Kati ya ishirini na nane, moja. Kisha akaishika ile karatasi juu.

"Maman Sidonie, usikie muzuri mbele ya kunijibu. Hii ni page ya pili ya mutihani ya chimie. Ulijua?"

Sidonie alimtazama mwanawe. Keren alikuwa amerudisha macho ukutani. Mama alinyoosha mgongo.

"Nilijua," alisema. "Niko na diplôme d'État, nilimaliza secondaire. Likasi, chimie-biologie, septante-huit pour cent, sabini na munane juu ya mia. Nilijua ni mutihani, nilikamata kusudi. Andika ivyo. Unifunge miye, mutoto umuache."

Claudine hakuandika. "Nikiandika ivyo, Keren anapata zéro. Njo vile préfet amesema. Kama ulijua, ni mutihani ya kuiba, na diplôme hakuna."

"Lakini yeye hakuiba!"

"Hawaangalie nani aliiba."

"Na kama sikujua?"

"Kama hakuna muntu alijua, anarudia chimie lundi."

Claudine akamgeukia msichana.

"Weye. Siku ya mutihani, ulipofungua page ya pili, ulifikiri nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza Keren kumjibu mtu kwa siku nne. "Nilijua ni ile. Sikuona hata kama namba imebadilika. Mukono iliandika yenyewe, sawa vile maman ananisemeshaka."

"Na juu ya nini haukusema? Kwa mwalimu, kwa préfet. Ulikaa kimya, banakuita mwizi."

"Niseme nini, maman?" Sauti ya msichana ilipanda. "Maman yangu iko na diplôme ya chimie! Alinisemeaka tangu niko mudogo, septante-huit pour cent, septante-huit pour cent. Muntu wa chimie akiona page ya chimie mu poubelle mbele ya mutihani, anajua ni nini. Nilijua kama aliiba juu yangu. Ningemupeleka police?"

Sidonie alikaa juu ya ukingo wa sanduku. "Ulifikiri miye ni mwizi," alisema polepole.

"Ningefikiri nini?"

Claudine alipiga magoti tena kando ya marundo. Kisha akachukua karatasi moja kutoka rundo la kwanza akamnyooshea mama.

"Maman, hii ni ya nini?"

"Ya flamand, ile Kiholanzi."

"Inasema nini?"

Sidonie aliitazama. Akaigeuza, akairudisha.

"Ni chakula ya kantini," alisema Claudine. "Lundi, supu ya tomate. Na hii ingine?"

"Iko na dessin ya mashini... ya physique?"

"Ni ya photocopieuse. Vile banabadilishaka wino." Akamtazama Keren. "Weye ulishika byote hivi kwa kichwa?"

"Byote," alisema Keren. "Ku oral ya néerlandais, ile mutihani ya mudomo, balinipatia picha ya restaurant. Niliongea dakika kumi, mwalimu akaniomba ninyamaze."

Claudine karibu acheke. Alikuwa na alichokitaka. Anayeiba mtihani anachukua mtihani, hachukui miaka miwili ya supu ya nyanya na kuipiga pasi. Rundo lote lingepelekwa kwa préfet kesho asubuhi, na Madame Rayhana angelihesabu mwenyewe. Lakini rundo peke yake halitoshi. Baraza lingeuliza tu: na mama, alielewa au hakuelewa?

Akatoa fomu ya maelezo ya shahidi, akaiweka juu ya ubao wa pasi kwa sababu meza ilikuwa imejaa karatasi.

"Jina, Nday Sidonie. Adresse ninayo. Kazi, kufagia." Kalamu ilishuka mstari mmoja, ikasimama. "Niveau d'études. Ulisoma mpaka wapi?"

Sidonie aliinuka, akaisogeza pasi kando.

"Maman."

"Hii mustari ni ya lazima?"

"Njo ya lazima kupita zote. Bila hii, kesho hakuna muntu atakubali kama haukujua."

Mama alimwambia binti yake, "Nenda ku cuisine."

"Nabaki," alisema Keren.

"Keren, nimesema."

"Na miye nimesema nabaki."

Tramu ilipita chini barabarani, vioo vikatetemeka. Sidonie alikuwa anafuta mikono yake kwenye kitenge, ingawa ilikuwa mikavu.

"Andika sixième primaire, darasa ya sita," alisema mwishowe. Claudine akaanza kuandika. "Hapana. Futa. Sixième sikumalizaka, papa alikufa. Andika cinquième, ya tano."

Claudine alikata, akaandika tena, akaweka sahihi ndogo pembeni ya alipokata kama utaratibu unavyotaka. Akaandika na maneno mengine, kwa kifupi: alichukua karatasi pipani, moja, hakujua ni nini, hakuambiwa na mtu. Akamsomea kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Sidonie aliitikia kila sentensi kwa kichwa bila kuinua macho.

Keren alikuwa amesimama nyuma ya kochi.

"Maman," alisema. "Basi zile magaribi zote. Uko na karatasi mu mukono, unaniambia rudia, umekosa. Ulikuwa unaangalia nini?"

"Uso yako," alisema Sidonie. "Ukijua, hausimame. Ukisimama, nilikuwa nakuambia rudia."

Claudine aligeuza fomu, akaisukuma kwenye ubao mpaka ikamfikia. "Signature hapa chini. Na tarehe."

Sidonie alishika kalamu. Aliandika jina lake taratibu, herufi baada ya herufi, kama wanavyofundishwa watoto, kisha mkono wake ukasimama kwenye nafasi ya tarehe.

"Ni vingt-six, maman, ishirini na sita," alisema Keren. Alizunguka kochi, akaja kushika ubao usiyumbe, na mama yake akaandika.